Kambi ya kifahari Maasai Mara: nani mwenye kauli juu ya mapito ya nyumbu?

Kufunguliwa kwa kambi ya watalii ya Ritz-Carlton kando ya Mto Sand, mwezi Agosti 2025, kuliibua upinzani miongoni mwa Wamaasai na wahifadhi wa mazingira nchini Kenya. Mzozo huo ulianza na nyumbu, lakini kiini chake ni utaratibu unaotumika kuamua juu ya ardhi ya umma.

Kila mwaka, kuanzia mwezi Julai, makundi makubwa ya nyumbu na punda milia hutoka Serengeti nchini Tanzania na kuingia Maasai Mara nchini Kenya yakifuata nyasi na maji. Baadhi yao hupita katika eneo la Mto Sand, karibu kabisa na mpaka wa nchi hizo mbili. Ni kando ya mto huo ndipo ilipojengwa kambi yenye mahema 20 ya kifahari, kila moja likiwa na bwawa lake dogo la kuogelea. Bei iliyotangazwa ilianzia dola 3,500 za Marekani kwa usiku mmoja.

Mwezi huo huo wa ufunguzi, kiongozi wa Kimaasai na mtafiti, Meitamei Olol Dapash, alifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Narok. Walioshtakiwa ni pamoja na kampuni ya Marekani ya Marriott, ambayo ndiyo mwenye jina la Ritz-Carlton, kampuni ya Lazizi Mara inayomiliki mradi huo, na mamlaka za serikali. Hoja kuu zilikuwa mbili: kwamba kambi imewekwa katika mapito muhimu ya wanyama kati ya Mara na Serengeti, na kwamba ilijengwa bila tathmini ya kutosha ya athari kwa mazingira.

Upande wa pili ulikanusha. Kampuni zilisema tathmini ilifanyika na vibali vilipatikana. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilieleza kwamba takwimu za miaka mingi, zilizokusanywa kwa vifaa vinavyofungwa shingoni mwa nyumbu, zinaonyesha kuwa wanyama hao huvuka katika upana wote wa mpaka huo, hivyo kambi moja haiwezi kuuzuia msafara wao.

Mpango uliokuwapo tayari

Hoja ya KWS ina uzito, kwa kuwa nyumbu hawana njia moja. Hata hivyo, inajibu swali moja tu: je, kambi hii peke yake itawazuia wanyama? Swali lililowasumbua wapinzani wa mradi ni jingine. Mpango wa usimamizi wa Hifadhi ya Maasai Mara wa mwaka 2023 hadi 2032 ulieleza kwamba malazi mapya ya watalii hayangeruhusiwa ndani ya hifadhi, kwa sababu idadi ya kambi na hoteli ilikuwa tayari kubwa mno. Mpango huo ni wa Kaunti ya Narok, ambayo pia ndiyo msimamizi wa hifadhi.

Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Ikiwa kambi ilipata kibali kabla ya mpango kuanza kutumika, wananchi walipaswa kuonyeshwa kibali hicho na tarehe yake. Ikiwa ilipata baadaye, walipaswa kuelezwa ni kwa nini sheria iliyowekwa kwa ajili ya wote haikumhusu mwekezaji huyu. Mjadala uliposhika kasi, majengo yalikuwa yamekwisha kusimama.

Kwa mfugaji wa Narok, jambo hili lina uchungu wake. Kulisha mifugo ndani ya hifadhi ni marufuku, na mwenye ng'ombe anayekamatwa huko hutozwa faini, hata wakati wa ukame mkali. Anapoona mabwawa ya kuogelea yakichimbwa mahali ambapo ndama wake hawezi kunywa maji, si rahisi kumshawishi kwamba makatazo yote yapo kwa ajili ya wanyamapori.

Sahihi ya nani?

Itakuwa makosa kudhani kwamba Wamaasai wanapinga utalii. Familia nyingi za Narok zinautegemea kwa ajira, kwa karo za watoto na kwa soko la shanga na mifugo. Nje ya mipaka ya hifadhi, maelfu ya wamiliki wa ardhi wameunganisha mashamba yao na kuunda hifadhi za jamii kama Mara North, Naboisho na Olare Motorogi. Huko, kampuni za utalii hukodi ardhi na kuwalipa wenyewe moja kwa moja, na mikataba huweka kikomo cha vitanda vinavyoruhusiwa. Mfumo huo una kasoro zake. Janga la korona lilipokata safari za watalii mwaka 2020, malipo yaliyumba. Lakini ndani yake mwenye ardhi anaulizwa, na asipotia sahihi hakuna kambi inayojengwa juu ya shamba lake.

Ndani ya hifadhi yenyewe hali ni tofauti. Ardhi hiyo iko mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wananchi, na maamuzi hutolewa ofisini. Mapato ni makubwa: tangu Julai 2024, mgeni mtu mzima kutoka nje ya nchi hutozwa dola 200 kwa siku katika nusu ya pili ya mwaka, na dola 100 katika nusu ya kwanza. Fedha hizo huingia katika mfuko wa kaunti, na kaunti hiyo hiyo ndiyo inayopaswa kusema imetosha pale kambi zinapozidi. Msimamizi anayepata zaidi kila mgeni anapoongezeka hubeba majukumu mawili yanayovutana.

Wanaoutetea mradi husema kwamba kambi ya bei ghali yenye vitanda vichache huleta fedha nyingi kwa uharibifu mdogo kuliko hoteli kubwa ya bei nafuu. Kwa hesabu ya kitanda kimoja, hoja hiyo ni sahihi. Inapungukiwa inapofika kwenye hesabu ya jumla, kwani kambi mpya haikuja kuchukua nafasi ya hoteli ya zamani. Imeongezwa juu ya zile zilizokuwapo, pamoja na magari yake, barabara zake, maji yake na taka zake.

Kovu la zamani

Upinzani huu pia una historia. Mwaka 1904 Wamaasai walitia saini mkataba na utawala wa Uingereza ulioahidi kuwa maeneo waliyopewa yangebaki yao daima. Miaka saba baadaye, mkataba mwingine uliwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 na kesi yao ikatupwa. Ng'ambo ya mpaka, Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959. Huko Loliondo, mwezi Juni 2022, uwekaji wa mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 ulizusha makabiliano na askari, na baadhi ya wakazi walikimbilia Kenya, katika kaunti hii hii ya Narok. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa watu hawa, tangazo la mradi mpya unaoitwa wa uhifadhi au wa maendeleo halisomwi peke yake.

Sheria ipo, wakati ndio tatizo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikuwaacha wananchi mikono mitupu. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 69 inaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika usimamizi wa mazingira na kuweka mifumo ya tathmini ya athari. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Haki hizo zimewahi kufanya kazi. Mwaka 2019, baraza la rufaa la masuala ya mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, kwa sababu wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Tofauti kubwa ni kwamba Lamu uamuzi ulitolewa kabla mtambo haujajengwa. Mara, kesi ilifika mahakamani wakati wageni wa kwanza wanakaribishwa. Hapo hakimu huombwa kubomoa kilichogharimu mamilioni na kuwaachisha watu kazi, jambo ambalo mahakama yoyote hulifanya kwa kusitasita.

Kwa hiyo, namna kesi moja inavyomalizika, iwe kwa hukumu, kwa maelewano au kwa kuondolewa, haimalizi suala lenyewe. Kambi nyingine itaombwa kesho, kando ya mto mwingine. Kipimo cha mabadiliko kitakuwa kama ripoti za tathmini zitawekwa hadharani, kwa lugha ambayo wakazi wanaielewa, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na kama mpango wa hadi 2032 utamfunga pia aliyeuandika. Bila hayo, mfugaji wa Narok ataendelea kupata habari za mradi siku anapoona lori la kwanza la saruji likivuka malisho yake ya zamani.