Wembe Hauazimwi

Mimi ni mwaka wa pili, nina mke na watoto wawili, naishi Kimara. Zamani nilinyoa kwa vile viwembe vya plastiki vya kutupa, nakwangua kavukavu huku daladala zinajaa. Shingo ikawa vipele tupu. Nikashauriwa spiriti, nikashauriwa ndimu (ndimu, jamani!).

Kumbe tatizo ni kukwangua sana. Ndevu zetu zimejikunja; ukizikata chini mno, ncha inageuka na kuchoma ngozi upya. Nikahamia kwenye kishikio cha chuma kinachofungwa wembe mmoja, wa aina ile Gillette aliyopewa hataza Marekani mwaka 1904. Maji ya moto, povu la sabuni kwa brashi, halafu unafuata ndevu zinakolala, bila kukandamiza. Wiki ya kwanza nilijichanja hadi mke wangu akauliza nimepigana na nani. Sasa vipele vimepungua, na dakika kumi hizo ndizo pekee nyumbani ambazo hakuna anayeniomba kitu.

Sasa nyie wadogo zangu wa hosteli. Hii ya "mwanangu, nipe wembe wako nipige fasta" acheni. Tone la damu usiloliona linatosha kukuambukiza homa ya ini B. Nyembe zenyewe bei yake haizidi ya soda, hivyo hapo sioni cha kujitetea.

Mwanangu wa miaka minne hukaa juu ya ndoo, anajipaka povu, ananyoa kwa mpini wa kijiko. Dada yake akikiomba, anamnyima.