Kitambaa kimoja hakitoshi nyumba nzima

Ukiingia jikoni, iwe Bariadi mjini au kijijini Itilima, utakikuta: kipande cha kanga iliyochakaa au fulana ya zamani. Asubuhi kinaepulia uji. Baadaye kinafuta meza, kinakausha vikombe, kinamfuta mtoto makamasi. Jioni kinafuta kisu kilichokata nyama, kisha kinatupwa kando ya beseni kikiwa kibichi. Kesho kinaanza tena.

Mama akiniletea mtoto anayeharisha kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili, namuuliza kuhusu maji, choo na kunawa mikono, maana huko ndiko kuharisha kwingi kunakotoka. Kisha nauliza kitambaa cha jikoni kinafuliwa lini. Wengi hucheka. Wengine hujibu, "Si tunakisuuza kila siku, daktari?"

Kusuuza si kufua. Kitambaa chenye unyevu, joto na mabaki ya chakula ni shamba la bakteria. Wapo wanaoongezeka maradufu kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Ukikausha nacho kikombe ulichokiosha vizuri, umekichafua upya.

Najua mtanijibu nini: maji. Sisi wa Simiyu tunajua kiangazi maana yake ni kufukua mchanga wa mto uliokauka au kununua dumu. Simwambii mama yeyote amalize ndoo nne kwa vitambaa. Lita mbili zinatosha. Ugali ukiiva, makaa bado yana moto; bandika sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, tia maji na sabuni, tumbukiza vitambaa, vichemke dakika 10. Maji yakipoa, sugulia choo. Vitambaa vianike juani kwenye kamba, si juu ya nyasi wanapopita kuku. Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilitufikia mkoani, na bakteria wake hawavumilii ukavu. Jua tunalo, tena la bure.

Vyombo, kwa maoni yangu, visikaushwe kwa kitambaa kabisa. Kichanja cha miti nje ya jiko kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kitambaa cha meza kibaki cha meza, cha sakafu kikae mbali, na cha uso wa mtoto kiwe chake peke yake, hasa macho yanapokuwa mekundu. Mkoa wa pamba haukosi vitambaa vitatu.

Siwalaumu akina mama peke yao. Tazama mamalishe wa stendi: kitambaa begani, anafutia sahani, mikono na benchi. Maofisa afya wanapopita hukagua vyeti na aproni. Wakiguse na kitambaa kile, wakinuse. Kitambaa kinachonuka uvundo hakihitaji maabara.

Akiwepo anayeharisha nyumbani, nguo na vitambaa vyake vifuliwe peke yake, mbali na kisima, kisha vichemshwe. Jiki inafaa pia, ila usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo.

Na mtoto apewe ORS kila anapoharisha, aendelee kunyonya na kula. Zinki utapewa kituoni. Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, mwahishe zahanati hata kama ni usiku.