BARAZA YA JAMAA: Lori kuukuu na fundi mwenye subira



Juma hili maongezi yetu ni juu ya malori makuukuu. Mama, usigeuze ukurasa ukadhani kwamba maneno haya ni ya wanaume na vijana wa gereji peke yao. Yapo mambo hapa chini ambayo wewe, mwenye mtoto anayejifunza kazi ya kuziba mipira pale njia panda, yakupasa kuyasikia kuliko wote.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wenye desturi ambayo kwetu ni ngeni kidogo. Mtu husikia kwamba katika shamba fulani kuna lori lililolala miaka thelathini, mti umeota kati ya bodi na kibanda cha dereva, na kuku wanatagia juu ya kiti. Basi atakwenda kulinunua, atalipakia juu ya gari jingine, atalileta kwake. Kisha kila jioni baada ya kazi atalala chini yake na spana na brashi ya waya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, mpaka lile lori lingurume tena. Na likisha kunguruma, halipakii mahindi wala mchanga. Hulipeleka kwenye maonyesho, akakutana na wenzake wenye malori ya namna hiyo, watu wakalitazama, kisha akarudi nalo nyumbani.

Huenda unasema moyoni, "Watu hawa wamekosa kazi." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Sikiliza habari za lori moja tu, ambalo wazee wengi wa Afrika ya Mashariki wanalijua vema: Bedford.

Malori ya Bedford yalianza kutengenezwa mwaka 1931 na kampuni ya Vauxhall katika mji wa Luton, Uingereza. Jina lenyewe limetokana na jimbo la Bedfordshire, ambamo mji huo umo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ilitoa malori yapata 250,000 kwa ajili ya vita. Vita ilipokwisha, Bedford zikaenea duniani pote. Zilikuwa nyepesi, bei yake haikuwa kali sana, na fundi aliyejua kazi yake aliweza kuzifungua na kuzifunga chini ya mwembe. Lakini mwaka 1987 wenyewe waliuza kazi yao ya malori, na leo hayatengenezwi tena. Kwa hiyo Bedford iliyobaki sasa haina mdogo wake wa kuzaliwa. Ikikatwa vipande na kuyeyushwa, ndiyo imekwisha.

Hiyo ndiyo sababu ya watu wale kuhangaika. Mwaka 1958 Waingereza wenye kupenda malori na mabasi ya zamani walianzisha chama chao. Mwaka 1962 wakafanya safari yao ya kwanza kutoka London mpaka Brighton, mji ulio pwani, mwendo wa karibu kilomita 90. Safari hiyo ikawa desturi ya kila mwezi wa Mei. Malori hutoka asubuhi moja moja, mengine yana umri kupita wa babu yako. Njiani kuna vilima, na rejeta kuukuu huchemka, basi utamwona dereva amesimama kando na dumu lake la maji, hana haraka. Wala usimcheke kwa mwendo wake. Mpaka mwaka 1957 sheria ya Uingereza iliyakataza malori mazito kupita maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Mwendo ule ulikuwa ndio mwendo wa kazi.

Kule Brighton malori hupangwa kando ya bahari. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Waamuzi hutazama kila lori, na walio bora hupewa tuzo. Lakini wengi hawakwenda kwa ajili ya tuzo. Mzee aliyeendesha lori la namna hiyo katika ujana wake hulikaribia, akaligusa boneti, akaanza kusema: gia ya pili ilikuwa ngumu hivi, breki zilikuwa hivi, mzigo tulifunga hivi. Wajukuu husikiliza. Bila lile lori kuwapo, mzee asingefungua kinywa, na wajukuu wasingeuliza.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana ina mafundisho mengi.

Fundi asiye na subira huleta betri siku ya kwanza, akataka kusikia injini. Huyo huharibu. Lori lililolala miaka mingi, pistoni zake zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu. Ukililazimisha kwa nguvu, utavunja. Fundi wa kweli huzitoa plagi, akatia mafuta mepesi ndani ya kila silinda, akaliacha siku nyingi mafuta yapenye. Kisha hujaribu kuizungusha injini kwa mkono, polepole, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikikataa, hutia mafuta tena na kungoja. Oili ya zamani huimwaga yote, na tangi la petroli hulisafisha, maana petroli iliyokaa miaka huwa tope linaloziba kabureta.

Kila kitu anachokifungua hukiandika jina. Nati za mahali pamoja hukaa katika kopo moja. Hupiga picha kabla ya kufungua, ili mwakani asikae kujiuliza hiki kilitoka wapi. Na kama kibanda cha dereva kimejengwa juu ya miti, kama malori mengi ya kale, humwita seremala, kwa kuwa bati huonekana zima na huku mti wa ndani umekwisha kuoza.

Liko na jambo la petroli. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi ile ilizikinga vali za injini zisilike upesi. Lakini ilidhuru afya za watu, na watoto hasa, basi nchi zote zikaiacha moja moja. Ya mwisho kuiacha katika magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo injini za kale huhitaji kuwekewa makalio ya vali ya chuma kigumu zaidi, ndipo ziweze kunywa petroli ya leo bila kuumia.

Baada ya injini huja breki. Mipira midogo iliyo ndani ya silinda za breki hukauka kwa miaka, na mabomba yake huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Hizo hubadilishwa zote, hata zikionekana nzuri. Halafu usukani, halafu springi. Rangi huja mwisho kabisa. Angalieni utaratibu huu, wazazi. Mtu anayeanza na rangi ana lori la kupendeza lisiloweza kusimama kwenye mteremko. Bwana wetu aliwakemea waliopamba nje na huku ndani pameoza. Hata katika malezi, wako wanaoanza na rangi: viatu vizuri na maneno ya adabu mbele ya wageni, lakini breki za mtoto hazikutazamwa kamwe.

Haya, mama, sasa ndipo penye jambo nililotaka ulisikie.

Malori mengi ya zamani, na mengine ambayo bado yanafanya kazi katika barabara zetu, yana rimu za vipande. Rimu hiyo si chuma kimoja, bali ina pete ya pembeni inayouzuia mpira usitoke. Pete ile ikiwa na kutu, au imepinda, au haikukaa sawasawa mahali pake, mpira ukijazwa upepo huweza kuruka kwa nguvu ya kutisha. Kijana aliyeinama juu yake hapati nafasi ya kukimbia. Watu wamekufa kwa jambo hili katika nchi nyingi, hata mafundi waliozoea. Waingereza wakati wa vita, kwa magurudumu ya jeshi yaliyofungwa vipande viwili, walizipaka rangi nyekundu zile nati zinazoviunganisha, ili askari akiziona ajue: hizi hazifunguliwi mpira ukiwa na upepo.

Basi kijana anayefanya kazi hiyo ayashike haya. Kwanza, kabla ya kulegeza nati hata moja, upepo wote utoke, na moyo wa vali uondolewe. Kama magurudumu yamefungwa mawili mawili, atoe upepo katika yote mawili. Pili, asafishe kutu yote, na pete iliyopinda au yenye ufa aitupe. Asiichomelee, wala asichanganye pete ya rimu hii na rimu ile. Tatu, ajaze upepo gurudumu likiwa ndani ya kizimba cha chuma imara, kwa bomba refu lenye kubana lenyewe kwenye vali, naye asimame kando, asiwe mbele ya pete. Nne, asigonge pete kwa nyundo wakati upepo umo ndani. Wengi hufanya hivyo ili ikae sawasawa, na ndipo huruka.

Yako na mengine matatu, nayo si madogo. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake, aweke stendi za chuma au magogo imara. Tangi la petroli lililo tupu lisichomelewe ovyo, maana mvuke uliobaki hulipuka kuliko petroli yenyewe. Na vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Breki nyingi za kale zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni, maradhi yake huweza kuonekana baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, wakati kijana amekwisha kuwa baba wa watoto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa kifukiwe.

Mama, mwendee fundi anayemfundisha mwanao, na kwa heshima umwulize: "Baba, kizimba cha mipira kiko wapi?" Kama hakipo, mbakie na baba yake mzungumze. Ada iliyolipwa huweza kupatikana tena.

Nisije nikawaacha na hofu tu, nitawapa habari nyingine ya kufurahisha. Katika kisiwa cha Malta, ambacho watu wake wengi ni Wakatoliki, mabasi ya zamani yalifanya kazi mpaka mwaka 2011. Mengi yalikuwa Bedford. Madereva wengi waliyamiliki wenyewe, wakayatunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wake wa maziwa. Waliyapaka rangi na kuyaandika kwa herufi za mapambo, na karibu na usukani waliweka picha ya Bikira Maria au ya mtakatifu. Serikali ilipoleta mabasi mapya, machache ya zamani yalihifadhiwa, na hata watu waliokuwa wakiyanung'unikia kwa moshi na kelele waliyasikitikia. Na kule Pakistan Bedford kuukuu bado zinabeba mizigo barabarani, zimechorwa maua na ndege toka mbele mpaka nyuma.

Na sisi je? Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia, na baada ya muda mfupi njia ya Zambia ya kupatia mafuta ikafungwa. Ndipo mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi na matope, mpaka bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1968. Njia ile ilipewa jina la Njia ya Jehanamu, kwa sababu ya malori yaliyopinduka na madereva waliokufa. Ilikuwa kazi ya kuiokoa nchi jirani, nayo ilifanywa na madereva na matingo, watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali. Pengine mmoja wao yuko kijijini kwenu, ameketi kibarazani, na vijana wanampita bila kumwuliza neno.

Sisemi kila jamaa ifufue lori. Watu wale wa Ulaya wana nafasi na akiba, na hata miongoni mwao wako waliotumia fedha ya nyumbani mpaka mke akalia. Chuma kisipewe chakula cha watoto. Kama lori la marehemu babu limelala nyuma ya nyumba na ada ya shule inadaiwa, kuliuza si dhambi. Lakini kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajaja na mizani yake, fanyeni haya: lipigeni picha pande zote, mwiteni mzee aliyeliendesha, awaeleze, na mtoto anayejua kuandika aandike, na mwulizeni fundi mzee kama injini au gia yake inaweza kuwafundishia vijana kazi. Mara nyingi kitu kilichokufa kwa barabara bado ni hai kwa shule.

Na kijana wako akiwa na mikono ya ufundi, mwombee kwa Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, kisha mnunulie kitambaa cha kufutia breki.

Kwaherini. Mungu akipenda, tutakutana tena hapa barazani juma lijalo.