Bustani ipimwe leo, mbele kartie haiyajaa

Ndugu na dada wa Lubumbashi,

Mji wetu unakua kila siku. Pale komini Annexe, inayozunguka komini zingine sita, pori inakatwa, matofali yanachomwa, lupango zinapimwa. Mwaka jana majani, mwaka huu mabati. Hatupingi. Watu wanatafuta pa kulala, na wengi wetu ni watoto wa hizo nyumba.

Lakini tunauliza: watoto watacheza wapi?

Katika kartie moja mpya tulikotembelea kumebaki kiwanja kimoja tu. Vijana wanapiga mpira pale, wamama wakitoka soko wanapumzika chini ya mwembe. Wazee walituambia ile nafasi iliachwa toka mwanzo kwa ajili ya bustani. Siku ile tulikuta maborne mapya katikati ya uwanja. Nani aliyaweka? Hakuna aliyetaka kusema. Na hivi njo bustani zinakufa: wanakata lupango moja, kisha ya pili, na asubuhi moja mwembe uko ndani ya ukuta wa mtu. Watoto wanabaki kuchezea barabarani, kati ya pikipiki na makamio.

Sheria iko wazi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, na ule uliotengwa kwa matumizi ya watu wote haupewi mtu binafsi mpaka kwanza uondolewe katika matumizi hayo kwa njia ya sheria. Katiba yetu nayo, kifungo cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, tena inampa wajibu wa kuyatetea. Basi tukisimama mbele ya ile maborne, hatufanyi fujo. Tunafanya wajibu.

Tusidanganyane pia: anayeuzisha anauzisha kwa sababu kuko mwenye kununua. Papa, mama, kama wanakuletea lupango ya bei chini katikati ya uwanja wa watoto, uliza kwanza plan ya kartie. Wakikataa kukuonyesha, chunga feza yako.

Tunaomba viongozi vitu vine:

1. Plan ya kila kartie mpya ibandikwe kwenye ofisi ya kartie, kila mtu aione.
2. Nafasi ya bustani iandikwe kwa kadastri na iwekwe mipaka, mbele ya kugawa lupango.
3. Maborne yaliyopandwa ndani ya uwanja wa wote yatolewe.
4. Wakaaji waitwe kuchagua: miti gani, uwanja wa mpira upande gani, maji ya mvua yapite wapi, choo kikae wapi, nani atalinda.

Hatuombi bustani ya kupigia picha siku wakubwa wanapita. Tunaomba kivuli, mabenchi, bomba la maji, na nafasi ambayo mtoto asiye na feza anaingia bila kuulizwa.

Sisi wengi tuko na diplome nyumbani, kazi hatuna. Lakini mikono iko. Mvua za kwanza zikianguka, tutafanya salongo, kila mmoja na jembe na mche wake. Ila mti tutakaopanda bila karatasi watakuja kuung'oa. Njo maana karatasi kwanza.

Wiki hii, wewe unayesoma, enda ofisi ya kartie yako na rafiki wawili. Ulizeni kwa heshima: plan iko wapi? Na musirudi nyumbani bila jibu.

Uwanja wa wote hauuzishwe!