Sinywi, kanipeleka kwenye mvinyo!

Mume wangu ni mtu wa kushtukiza. Ndoa yetu ilipotimiza miaka mitano tulikuwa Cape Town, akaniamsha asubuhi na mapema: “Mama, vaa viatu vya kutembelea. Leo mashamba ya mvinyo, jioni bahari!” Nikacheka, lakini moyoni nimenuna. Jamani, mimi sinywi! Miaka yote hiyo hajawahi kuniona na glasi.

Sikusema kitu. Ndiyo, mimi huyu huyu ninayewahimiza kila mwezi mzungumze na wenzi wenu.

Kwa mnaopanga kwenda, safari yenyewe ni rahisi. Stellenbosch ni kama kilomita 50 tu kutoka Cape Town, mji ulioanzishwa mwaka 1679, una nyumba nyeupe na mialoni mikubwa kando ya barabara. Kodini gari na dereva wake, maana kuonja shamba hadi shamba halafu mtu ashike usukani ni kutafuta balaa. Chagueni mashamba mawili, si matano. Unamiminiwa kidogo, unazungusha glasi, unanusa, unasukutua, na ukitaka unatema kwenye ndoo. Mzee wangu hakutema hata tone.

Hapo tukasimuliwa habari za Pinotage, zabibu iliyozaliwa hapo hapo mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Mume wangu akavimba kichwa utafikiri kaibuni yeye: “Hawa wangeonja ya Dodoma!” Mimi nimeletewa juisi ya zabibu, nimekaa kama mtoto kwenye harusi ya wakubwa.

Wakati wa kurudi tukapitia Groot Constantia, shamba lililoanzishwa mwaka 1685 na Simon van der Stel, mkuu wa Waholanzi pale Cape. Pazuri, acha! Mlima nyuma, mizabibu imepangwa kama nywele zilizosukwa. Lakini waliofanya kazi kwenye mashamba haya walikuwa watumwa, wengine kutoka Madagaska na Msumbiji, majirani zetu kabisa. Utumwa ukafutwa mwaka 1834, ila kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba ya Cape waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mtindo huo waliuita “dop”. Sheria iliupiga marufuku, lakini kuna mashamba yaliyoendelea nao hadi miaka ya 1990.

Hebu fikiria, mtu katoka kazini, mke na watoto wanamsubiri, naye sehemu ya mshahara tayari iko tumboni.

Hapo koo likanikaba. Nikasema nimechoka, twende baharini.

Sea Point kuna njia ndefu ya kutembea kando ya maji. Nikatumbukiza mguu, nikautoa mbio: Atlantiki ile ni barafu, si Coco Beach! Tukakaa kwenye benchi. Sisi wa Dar tumezoea jua kuchomoza baharini, kule linazama humo humo. Likiwa limebaki nusu, nikamwambia.

Nikamwambia baba yangu alikuwa seremala hodari, na kila Ijumaa mama alinituma nikamsubiri mlangoni kwa kilabu, niwahi hela kabla hazijaisha. Mara nyingi sikuwahi. Nilikuwa na miaka tisa.

Mume wangu akanyamaza kitambo. “Nilidhani ni malezi tu ya dini. Mbona hukuniambia?”

“Mbona hukuniuliza?”

Basi, hapo hakuna aliyeshinda. Tukakaa mpaka giza likaingia, kanishika mkono, baridi inatupiga.

Chupa aliyonunua tulirudi nayo, ipo kabatini mpaka leo. Sijamkataza kuinywa. Tumekubaliana ataifungua siku nitakayokuwa tayari kukaa naye mezani, mimi na juisi yangu.

Zawadi ya kushtukiza ni tamu, wala msiiache. Ila kabla hujakata tiketi, jiulize: kitu ambacho mwenzio hakigusi kamwe, unajua ni kwa nini? Na wewe unayenuna kimya kimya, unasubiri akuulize mpaka lini?

Tukutane mwezi ujao.