Korona iliondoka, ukungu ukabaki kichwani

Yapo maradhi yanayotoka mwilini yakaacha deni kichwani. Mimi nimelilipa deni hilo tangu mwaka 2021, nilipougua Korona. Homa ilikwisha, nikarudi kufundisha. Siku ya kwanza nilisimama ubaoni na chaki mkononi, nikasahau nilichotaka kuandika. Majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka miwili yalinipotea.

Kwangu hilo lilikuwa pigo. Nilisomea ukimbizini, kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, ambako daftari lilikuwa adimu na somo tulilihifadhi kichwani. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 nilirejea Burundi bila shamba wala nyumba. Kumbukumbu ndiyo ilikuwa mtaji wangu.

Siko peke yangu. Namfahamu mama anayefanya biashara ya mchele kati ya Kabanga na Kobero. Baada ya kuugua alianza kuchanganya hesabu za shilingi na faranga, akarudisha chenji mara mbili. Wapo waliosema amerogwa, wengine wakasema anakunywa.

Hali hii inajulikana. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliieleza kuwa ni dalili ambazo kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi mitatu tangu mtu augue Korona, hudumu angalau miezi miwili, na haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Miongoni mwake ni uchovu, kukosa pumzi, na akili kushindwa kukumbuka na kufikiri vizuri. Si uvivu wala uchawi.

Muuguzi mmoja alinishauri nijaribu taamuli, yaani zoezi la kutuliza akili. Nilisita nikidhani ni dini ya kigeni. Kumbe tangu mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alilifundisha kwa wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, katika mafunzo ya wiki nane, bila kumtaka mtu abadili imani. Unaketi wima na kuhesabu pumzi hadi kumi. Akili ikitoroka, unairudisha bila kujilaumu, kisha unaanza upya. Kule kuirudisha ndiko mazoezi yenyewe. Nilianza kwa dakika tano kila alfajiri.

Nimefaidika? Ndiyo, kwa kiasi. Usingizi ulikuja, na hofu iliyonishika kila niliposahau jina ikapungua. Majina yalirudi polepole, lakini siwezi kuapa kuwa ni kwa sababu ya taamuli, maana wengi hupata nafuu kadiri muda unavyopita. Zoezi hili husaidia wengi kupunguza wasiwasi. Kwamba linaponya ukungu huu, bado haijathibitishwa. Anayekuuzia kama dawa, mkimbie.

Kwanza nenda kituo cha afya. Upungufu wa damu, kisukari na maradhi mengine nayo huchosha akili. Pili, usijilazimishe kazi nzito kwa kudhani utajizoeza. Wapo ambao kila wakijikaza huanguka kitandani siku kadhaa.

Nawatahadharisha hasa warejeaji wenzangu. Wengi wetu tukifumba macho hatuoni utulivu, tunaona mwaka 1993. Mimi yalinitokea siku ya tatu, nikaamka natetemeka. Tangu hapo naketi macho wazi, nikitazama mti. Kumbukumbu mbaya zikikuzidi, acha zoezi, mtafute mhudumu wa afya.

Ombi langu ni dogo. Wakuu wa shule wampe mwalimu aliyeugua nafasi ya kupumzika kati ya vipindi. Wafanyabiashara wa mpakani wamsaidie mwenzao kuhesabu fedha badala ya kumcheka. Na vituo vya afya viwafundishe wagonjwa zoezi hili bure, pamoja na vipimo, si badala ya vipimo. Taamuli ni mkongojo. Anayechechemea anauhitaji, lakini mguu bado unahitaji daktari.

Mwandishi ni mwalimu wa shule ya msingi aliyerejea Burundi kutoka Tanzania.