Daftari la wiki: Kompyuta inayogoma asubuhi

Malalamiko yametoka Njombe, kwenye duka la vifaa vya shule na uchapaji la shemeji yangu. Kompyuta yake ni ndogo, ya kukaa kando ya droo ya pesa, yenye mazabodi ya mini-ITX: sentimita 17 kwa 17, umbo lililoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Asubuhi anabonyeza swichi, feni inazunguka, taa inawaka, skrini inabaki nyeusi. Anazima, anawasha, anazima tena. Ikishakubali inachapa kutwa nzima, na akiizima mchana na kuiwasha papo hapo haimsumbui. Fundi wa kwanza alimwambia bodi imekufa, anunue nyingine.

Hukumu hiyo siikubali. Bodi iliyokufa haifanyi kazi kutwa nzima. Shemeji mwenyewe ameshautaja ugonjwa: inagoma ikiwa baridi, inakubali ikipata joto. Na Njombe ya Julai si Dar es Salaam. Asubuhi watu wanaota moto.

*

Mshukiwa wa kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa na memori. Ndani yake mna kimiminika kinachopitisha umeme. Prosesa inataka volti moja hivi, na bodi huipata kwa kuukatakata umeme wa volti 12 mara laki kadhaa kwa sekunde. Umeme uliokatwakatwa hivyo unayumba, na kapasita ndizo zinazoutuliza. Zikizeeka kimiminika hukauka, ukinzani wa ndani hupanda. Baridi hukifanya kile kilichobaki kuwa kizito, ukinzani ukazidi kupanda. Prosesa inapoamka na kuvuta mkondo mkubwa ghafla, umeme unayumba, nayo inakwama kabla ya kuonyesha hata herufi moja. Kule kuwasha na kuzima kwa shemeji kulikuwa kunazipasha kapasita moto bila yeye kujua.

Kipimo chake hakina gharama. Azima draya ya saluni, pasha eneo moja la bodi kwa dakika chache, kisha washa. Ikikubali, iache ilale ipoe, kesho yake pasha eneo jingine. Kwa kupunguza eneo hivyo unaijua kapasita mbovu hata kama kichwa chake hakijavimba. Kuvimba ni ushahidi mzuri, lakini zile nyembamba hukauka kimyakimya, na fundi anayetafuta uvimbe tu atazipita.

*

Kabla ya kugusa bodi, pima umeme unaoingia. Kwenye pawa saplai ya kawaida, waya wa zambarau una volti 5 wakati wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Sehemu hiyo hailali usiku wala mchana, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayotangulia kuchoka. Waya wa kijivu ndio unaoiambia bodi kwamba umeme umetulia. Taarifa hiyo inatakiwa ifike kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kusimama. Isipofika, bodi inabaki inasubiri. Kwenye waya wa njano, volti 12 inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6.

Lakini multimita ina upofu wake. Inakupa wastani, haikuonyeshi mtetemo. Ukisoma 12.0 usitangaze kwamba saplai ni nzima. Funga nyingine unayoiamini, ujaribu asubuhi ile ile ya baridi. Kwa kompyuta zinazotumia adapta ya nje, badili adapta kwanza.

Pia badili betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3. Kuna bodi zinazokataa kuwaka betri hiyo ikiisha.

*

Tatizo hili liliwahi kuwatesa hata wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu, zikawa zinavimba na kuvuja kabla ya umri wake. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo ya kompyuta zake zenye kapasita hizo, nyingi zikiwa OptiPlex za maofisini. Nyingine za kizazi hicho zilifika kwetu kama mitumba.

Hata kapasita nzuri ina mwisho. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha yake maradufu kwa kila nyuzi 10 unazopunguza. Kwa nyuzi 65 utapata saa 32,000, yaani chini kidogo ya miaka minne ya kuwaka bila kuzimwa. Vumbi kwenye feni linakula miaka hiyo.

*

Kapasita mbovu za shemeji zilikuwa mbili, mikrofaradi 1,500 na volti 6.3, kando ya nafasi ya memori. Unaporudishia, mikrofaradi ziwe zile zile, volti zisipungue, iwe ya nyuzi 105 na yenye ukinzani mdogo. Usiweke iliyong'olewa kwenye redio ya zamani. Mstari ubavuni mwa kapasita hizi unaonyesha hasi, lakini kwenye zile bapa za tantali mstari ni chanya, ukigeuza, inalipuka. Piga picha ya bodi kabla ya kung'oa. Ongeza risasi mpya kwenye ile ya zamani ili iyeyuke upesi, na usivute kwa nguvu, kwani utang'oa na bitana ya tundu.

Onyo moja tu kwa wanaojifunza: pawa saplai usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi, na hiyo inaua.

Duka la Njombe sasa linafunguliwa na kompyuta inawaka kwa mbonyezo mmoja, kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya bodi mpya. Walimu wakuu na waganga wafawidhi wenye kompyuta za msaada zilizorundikwa stoo: kabla hamjazifuta kwenye orodha ya mali, ulizeni zilikuwa zikigoma saa ngapi, na mwiteni fundi mwenye kifaa cha kulehemu.